Imetumwa

Katika ofisi yetu hakuna neno linalofanya kazi nyingi kama "imetumwa." Fomu imetumwa. Ripoti imetumwa. Barua ya utambulisho imetumwa tangu juzi. Ni kitenzi cha kutendwa, na raha ya kitenzi cha kutendwa ni kwamba mtenda anaweza kujikalia kimya nyuma ya pazia. Imetumwa na nani? Imefika wapi? Sasa hivi iko mkononi mwa nani? Neno halisemi. Kazi yangu, nikiifupisha, ni kujibu maswali hayo matatu.

Ninatunza seva za barua pepe za chuo kimoja hapa Tanzania. Wengi hudhani barua pepe ni kama kurusha jiwe: unabonyeza, linaruka, linatua. Mimi huwaambia wafikirie mzigo wa basi. Tuseme mama yako yuko Mbeya, wewe uko Tanga, na anataka kukutumia gunia la mchele. Anakwenda stendi, anaandikiwa risiti yenye namba. Basi linafika Msamvu, Morogoro, gunia linashushwa na kupakiwa kwenye basi la kampuni nyingine, na kampuni hiyo ina kitabu chake cha risiti chenye namba zake. Ukimpigia simu kondakta wa basi la pili ukamtajia namba ya risiti ya Mbeya, atakuambia haijui, na atakuwa anasema kweli. Gunia limebadilishwa jina njiani. Ili ulipate lazima umpate yule karani wa Msamvu aliyeandika mstari mmoja wenye namba zote mbili: mzigo namba hii tumeupokea, tumeupa namba hii.

Seva zetu zinatumia Postfix, programu aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM na ikatolewa kwa umma mwaka 1998. Kila barua inapoingia kwenye foleni yake, Postfix huipa kitambulisho, mchanganyiko wa tarakimu na herufi kuanzia A hadi F, kitu kama 7C1F2A0B3D. Kuanzia hapo kila tukio linaandikwa kwenye logi likitanguliwa na kitambulisho hicho: nani kaileta, inatoka anwani gani, ina baiti ngapi, inakwenda kwa nani, aliyepokea alijibu nini. Mwisho kabisa unakuja mstari mfupi unaosema imeondolewa kwenye foleni. Katika sekunde moja barua kadhaa huandikwa kwa pamoja, mistari yao ikiingiliana kama watu wanaoongea sokoni. Kitambulisho ndicho kinachokuwezesha kumsikia mmoja tu.

Mambo huwa magumu proksi inapoingia kati. Nyuma ya seva yetu ya mbele kuna mashine nyingine ambayo kazi yake ni kuchuja: kutafuta virusi, barua taka na viambatisho vya hatari. Seva ya mbele humkabidhi mchujaji barua, mchujaji huikagua, kisha huirudisha kupitia mlango mwingine, kwetu ni poti 10025. Postfix akiiona inaingia kwa mlango huo humwona mgeni mpya, humpa kitambulisho kipya. Kwa hiyo barua moja, ndani ya jengo moja, ina majina mawili. Ukitafuta kwa jina la kwanza utaona imefika kwa mchujaji na kupotea. Ukitafuta kwa jina la pili utaona imezaliwa hewani, bila mama. Fundo linalounganisha nyuzi hizo limo kwenye mstari mmoja wa jibu la mchujaji: namba 250, yaani sawa, halafu maneno "queued as," yaani nimeiweka kwenye foleni kwa jina hili, halafu kitambulisho kipya. Huyo ndiye karani wetu wa Msamvu.

Kwa barua zinazoingia chuoni tumepanga tofauti. Mchujaji anakaa mlangoni kabisa, barua inakaguliwa kabla ya kupewa nafasi kwenye foleni, na mahali ambapo ungetegemea kuona kitambulisho, logi inaandika NOQUEUE. Haina jina bado. Inakuwa na jina pale tu mchujaji anapokubali. Mara ya kwanza nilipouona mpangilio huo nilikumbuka desturi za jamii kadhaa ambako mtoto hapewi jina siku anayozaliwa, husubiriwa kwanza aonyeshe kwamba amekuja kukaa.

Kuna uzi mmoja haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Programu ya mtumaji, kwenye laptopu au simu yake, huandika kwenye barua kitambulisho kinachoitwa Message-ID, utaratibu ambao ulikuwapo kwenye kanuni za muundo wa barua pepe za mwaka 1982. Seva zote hukibeba bila kukigusa, na Postfix hukiandika kwenye logi kando ya jina alilolitoa yeye. Basi mtu anayefuatilia barua huwa na aina mbili za majina mkononi: moja barua imezaliwa nalo, mengine imepewa na kila nyumba iliyopitia. Nadhani wengi wetu tuliosoma mbali na kwetu tunaelewa hilo bila mafunzo ya kompyuta.

Nimeeleza haya yote ili niweze kueleza kilichompata binti mmoja wa mwaka wa mwisho.

Alikuja ofisini Jumatano asubuhi akiwa na karatasi aliyoichapisha. Alikuwa ameomba ufadhili wa shahada ya uzamili kwenye taasisi moja ya Ulaya. Sharti mojawapo lilikuwa barua ya mapendekezo kutoka kwa mhadhiri, na barua hiyo ilitakiwa mhadhiri mwenyewe aitume moja kwa moja, kabla ya Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Karatasi aliyoishika ilikuwa jibu la taasisi: maombi yake hayakukamilika, barua ya mapendekezo haikupokelewa.

"Kaka, mimi sijaja kugombana," alisema. "Nataka tu kujua kama iliwahi kutumwa."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akaniambia alishauliza kitengo chetu siku mbili kabla, na mwenzangu wa zamu akamjibu kwa maandishi: imetumwa, hali yake inaonyesha hivyo. Akamwuliza mhadhiri, naye akamjibu: nilituma Jumanne, saa nne na robo hivi. Taasisi inasema haikufika. Na hapo ndipo akasema kitu kilichonifanya nisogeze kiti.

"Ninavyoona mnalindana. Sikulaumu. Mimi sina mtu hapa chuoni."

Kama umesoma au kufanya kazi nchi hii, unalijua sentensi hilo uzito wake. Kuna wenye mtu na wasio na mtu. Mwenye mtu, faili lake linatembea. Asiye na mtu, faili lake linalala, na akiuliza anaambiwa imetumwa. Binti huyu alishamaliza hesabu yake: mhadhiri aliyemsimamia mwaka mzima, aliyekuwa akimsifu darasani, alipofika wakati wa kumshika mkono aliona hana faida naye. Alikuwa hamsalimii tena. Akimwona ukumbini alikuwa anapita upande wa pili.

Nikafungua logi. Kabla sijasema nilichokiona, niseme kuhusu mipaka. Logi ya barua pepe haina maneno ya barua. Inaonyesha nani kamwandikia nani, lini, na ukubwa wa alichotuma. Hilo linaonekana dogo mpaka ukae nalo. Ukimwona mtu anaandikia hospitali ileile kila wiki, au anaandikia mwajiri mwingine usiku wa manane, tayari unajua ambalo hakukuambia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuja kulipa jambo hili maneno ya kisheria, lakini hata bila sheria, kuna namna ya kuchungulia isiyo ya heshima. Kwa hiyo kwanza nilimpigia simu mhadhiri. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Nikamweleza. Nikaomba ruhusa nitafute barua moja tu, na nikamwomba aifungue ile nakala iliyobaki kwenye folda yake ya zilizotumwa anisomee Message-ID. Ilichukua dakika kumi, kwa sababu mstari huo programu nyingi zimeuficha, na kwa sababu alitaka kujua kila neno linamaanisha nini.

Kwa kitambulisho hicho nikapata jina la kwanza la barua kwenye seva ya mbele. Saa kumi na dakika kumi na mbili, kwa saa ya mashine. Mhadhiri alisema saa nne na robo. Hapo hakuna uongo: saa za mashine zinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Mashine ya mchujaji, ambayo ilisimikwa na mtu mwingine miaka mingine, inaandika kwa saa ya dunia, kwa hiyo tukio lilelile kwake ni 07:12. Saa nne na dakika kumi na mbili, 10:12, 07:12. Mashahidi watatu wanaotaja saa tatu tofauti, wote wakweli. Asiyejua hilo angetafuta kwenye logi ya mchujaji saa 10:12, asione kitu, na aandike kwamba barua haikuwahi kufika hapo.

Kisha nikafika kwenye mstari wa makabidhiano. Ulikuwa na maneno ambayo mwenzangu aliyaona: status=sent. Hali: imetumwa. Ni mstari mrefu, na kwenye skrini ndogo sehemu yake ya mwisho inatoka nje ya ukingo. Nikasogeza kulia. Baada ya namba 250 na neno la sawa, mahali ambapo "queued as" na kitambulisho kipya vilitakiwa kuwa, kulikuwa na neno "discarded" na namba ya kumbukumbu ya mchujaji. Imetupwa.

Nikaisoma tena kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili, ili naye asikie. Seva ya mbele imemtumia mchujaji. Mchujaji amejibu: sawa, nimeipokea, nimeitupa.

Huo mstari haukuwa na kosa la kiufundi hata moja. Kwa Postfix, "imetumwa" maana yake ni nimemkabidhi aliyefuata naye amekubali kupokea. Postfix hajui kama aliyefuata ni mwisho wa safari au ni mlinzi wa getini. Alikabidhi, akajibiwa 250, akafuta jina la barua kwenye foleni yake na kuendelea na nyingine. Kanuni za SMTP, zilizoandikwa na Jon Postel mwaka 1982 na kuandikwa upya mara kadhaa, mara moja mwaka 2008, zinalichukulia jibu la 250 baada ya barua kama kiapo: aliyelitoa amebeba wajibu, ama aifikishe barua ama amwarifu mtumaji kwamba imeshindikana. Napenda kwamba watu waliokuwa wanaandika maelekezo ya mashine waliona ni lazima waseme hivyo, kwamba wajibu ule uchukuliwe kwa uzito, na kwamba barua haipaswi kupotea kwa sababu za kipuuzi.

Kwenye logi ya mchujaji nikaikuta sababu. Mhadhiri aliandika barua yake kwenye kiolezo cha zamani cha idara, chenye nembo na makro inayojaza tarehe yenyewe. Faili la aina hiyo lilikuwa limepigwa marufuku miaka kadhaa kabla sijaajiriwa, baada ya kompyuta za ofisi moja kuambukizwa kupitia nyaraka za namna hiyo. Uamuzi wenye sababu. Uamuzi wa pili, uliofanywa siku ileile, ulikuwa mchujaji asimwarifu mtumaji. Huo nao una sababu: wanaotuma virusi hughushi anwani ya mtumaji, na ukiwajibu, unamjaza barua mtu asiye na hatia. Lakini sababu hiyo ni ya barua zinazoingia. Kwa barua zinazotoka, mtumaji ni mtu wetu, ameingia kwa nenosiri lake, tunajua chumba anachokaa. Hakuna aliyetenganisha mambo hayo mawili. Kanuni moja ilikaa kwenye milango yote miwili, kimya.

Barua haikuwa imetoweka. Mchujaji alikuwa ameihifadhi karantini. Sikulifungua faili. Nilimpigia tena mhadhiri, naye akaja mwenyewe, anahema kwa ngazi, miwani mkononi. Binti alikuwa bado amesimama. Walisalimiana bila kutazamana.

Niliwaonyesha wote wawili mistari ile mitatu, nikiwafuatishia kwa kalamu kwenye skrini. Mwalimu aliinama, akasoma neno la Kiingereza, akanyanyuka. "Imetupwa," alisema. "Na mimi nikaambiwa sawa." Kisha akaketi mbele ya kompyuta, akaifungua barua yake mwenyewe, akaanza kuihifadhi upya kama PDF. Barua za mapendekezo ni za siri na hakumgeuzia binti skrini. Lakini alipokuwa akishuka kuelekea chini kwenye nafasi ya sahihi, kurasa zilionekana zikipita. "Zilikuwa mbili," binti aliniambia baadaye, wiki nyingine kabisa. "Mbili, kaka, zimejaa." Alikuwa amezihesabu.

Tuliituma tena palepale. Safari hii nilifungua logi zote tatu kwa pamoja na tukaitazama ikipita. Jina la kwanza likatokea. Mchujaji akajibu 250, "queued as," jina la pili. Jina la pili likagonga mlango wa seva ya taasisi kule Ulaya, na seva ile ikajibu kwa namba inayoanza na 4, ambayo maana yake ni sasa hivi hapana, jaribu baadaye. Binti akanitazama. Nikamwambia hilo ni jambo la kawaida: baadhi ya seva humkataa kwa muda kila mtumaji ambaye hazimfahamu, kwa sababu programu nyingi za barua taka hazina subira ya kurudi, na seva ya kweli hurudi.

"Yaani ni 'njoo kesho,'" Mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mtu alicheka.

Tukasubiri. Postfix yetu hukaa angalau dakika tano kabla ya kujaribu tena. Dakika tano na watu wawili ambao hawajazungumza kwa wiki nzima ni ndefu. Nilijifanya nina kazi kwenye skrini nyingine. Nikamsikia Mwalimu akimwuliza kama bado anafanyia kazi ile mada ya maji ya visima, naye akajibu ndiyo, kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti ya kawaida. Mstari mpya ulipotokea, ulikuwa na 250 ya Ulaya na kitambulisho cha seva yao, jina la tatu la barua ileile. Nikalinakili kwenye karatasi. Hilo ndilo jina ambalo wao wangeweza kulitafuta kwenye logi zao. Kwa namba zetu wasingeona kitu.

Niliandika maelezo ya ukurasa mmoja, nikaweka mistari yote na saa zote zikiwa zimegeuzwa kuwa saa moja, mkuu wa kitengo akasaini, tukaituma kwa taasisi. Jibu lilikuja baada ya siku sita. Lilikuwa la adabu. Walishukuru kwa maelezo. Walisema ushahidi wetu unaonyesha barua haikutoka kwenye mfumo wa chuo kabla ya tarehe ya mwisho, na kwa hiyo kwa mwaka huo wasingeweza kuyafikiria maombi yale. Walikuwa sahihi. Nilikuwa nimethibitisha kwa uangalifu mkubwa kwamba kosa lilikuwa letu.

Nilimpelekea jibu lile binti kwa mkono, kwa sababu sikutaka kulituma. Alilisoma akiwa amesimama chini ya mwembe wa maktaba. Akalikunja mara nne.

"Afadhali," alisema. Nikafikiri sikumsikia vizuri. Akaeleza: kukosa nafasi kunauma, lakini mwaka ujao utakuja. Alichokuwa hawezi kukibeba mpaka mwaka ujao ni kile kingine, kwamba mtu aliyemwamini alimtazama akaona hafai hata kuandikiwa barua. Logi haikumpa ufadhili. Haikusema pia kwamba Mwalimu ni mtu mwema au kwamba chuo chetu hakina wenye mtu na wasio na mtu, wapo. Ilisema tu kwamba Jumanne ile, saa nne na dakika kumi na mbili, mtu mmoja alibonyeza kitufe kwa ajili yake.

Logi zetu huhifadhiwa wiki nne, kisha mashine huzifuta ili kupata nafasi. Mistari ile haipo tena. Kama binti angeamua kunyamaza kwa mwezi mmoja, hakuna mtu ambaye angeweza kumwonyesha kitu chochote, na neno la mwisho kati yao lingebaki "imetumwa."

Mwezi uliofuata tulibadilisha kanuni ya barua zinazotoka. Sasa mchujaji akizuia barua ya mtu wa ndani, anamwarifu hapohapo. Tulibishana kikao kizima kuhusu maneno ya taarifa hiyo. Rasimu ya kwanza ilisema ujumbe wako umeshughulikiwa kwa mujibu wa sera. Nikampelekea Mwalimu aisome, akaifuta yote kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake: "Barua yako haijatoka chuoni. Iko kwetu. Tupigie." Tukaweka namba ya simu chini yake.

Wiki ya kwanza simu ilipigwa mara tisa. Wa kwanza alikuwa mhasibu, amekasirika kwelikweli, anataka kujua ni nani kamzuilia jedwali lake la malipo. Nikamwambia jina langu.